Springi Laini za Marhun

Magharibi ilipita, isha ikapita, na gari haikuja. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha lango la uwa wetu, mjini Ibra, Oman, nimejifunika kanga hadi puani kwa sababu ya vumbi, nikisikiliza barabara inayotoka Bidiya. Kila gari niliijua kwa sauti kabla ya kuiona taa. Hii Bedford, lori la maji. Hii Land Rover ya askari. Hii pikapu ya jirani, ina kikohozi. Sauti niliyoitaka mimi ilikuwa nzito, ya kunguruma chini kwa chini, nayo haikusikika.

Ndani ya gari hiyo alikuwamo binti yangu Rahila, na mimba ya miezi saba. Mimba yake ya kwanza ilitoka mwaka uliotangulia, njia hiyo hiyo ya Sur, gari hiyo hiyo. Hii ya pili tuliilea kama moto wa kuni mbichi, kwa kuipulizia kila siku. Sasa alikuwa analetwa kwetu ajifungulie kwa mama yake, kama ada inavyotaka kwa mtoto wa kwanza, na akae arubaini yake chini ya macho yangu.

"Ingia ndani, mama Rahila," Harub, mume wangu, aliniambia kutoka barazani. "Kukaa hapo hakumleti."

"Na kukaa ndani kunamleta?"

Nilimtazama miguuni. Alikuwa amevaa viatu. Mtu aliyetulia havai viatu nyumbani kwake usiku.

Walikuwa watoke Sur mara baada ya sala ya alfajiri. Kwa mwendo wa polepole wangefika adhuhuri, na wakichelewa sana, alasiri. Simu kwetu haikuwapo, wala kwa jirani. Habari siku zile zilipanda magari kama abiria wengine, na usiku ule hazikupata gari.

Aliyekuwa akiendesha ni mkwe wangu Marhun, na huyu ndiye ninayetaka mumjue.

Marhun ni mtu wa Sur, wa ukoo wa manahodha. Babu yake alikwenda Basra na Zanzibar bila kumuuliza mtu njia. Marhun mwenyewe akikanyaga tu ubao wa chombo, hutapika. Wenzake walimcheka tangu utotoni. "Huyu kazaliwa Sur kwa makosa," walisema, "walikuwa wampeleke jangwani." Basi alitafuta kazi ya nchi kavu, akawa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha barafu wanakonunua wavuvi. Ni mrefu, mkimya, na ana tabia ya kufuta mikono hata ikiwa safi. Akija kwetu hukaa karibu na mlango, hula kidogo, na mimi hunisalimia akiutazama mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Basi, hapo yamekwisha. Kwetu mama mkwe na mkwe mwanamume hawazungumzi zaidi ya hayo. Likiwapo neno, hupitia kwa mtu mwingine, hata mkiwa chumba kimoja. Na si kwamba Kiswahili hakijui. Alikipata kwa mama yake, Bi Tamima, aliyezaliwa Zanzibar mtaa wa Malindi akarudishwa Sur akiwa msichana. Kiswahili cha mama kilinyooka, cha mwana kilikuwa cha kuokoteza, lakini kilieleweka.

Alichokipenda Marhun ni gari. Ilikuwa Mastangi ya Kimarekani, ya mwaka sitini na tisa, milango miwili, boneti ndefu kama kitanda, aliyoinunua kwa Mzungu wa mafuta aliyekuwa akirudi kwao. Nyuma aliinyanyua. Alizikaza springi, akaongeza vyuma bapa juu ya vile vilivyokuwamo, gari ikawa matako juu, pua chini, kama mbuzi anayekunywa maji. Vijana wakati ule waliipenda gari ikae hivyo. Akiisimamisha sokoni, watu waliizunguka.

Aliyekaa ndani yake hakuwa na la kusifu. Barabara ya Sur ilikuwa ya changarawe, imejikunja mistari mistari kama ubao wa kufulia, na kila mstari ulipanda moja kwa moja mgongoni. Rahila alipoharibikiwa ile mara ya kwanza, daktari hakusema ni gari. Alisema mambo haya hutokea. Nilimsikia. Lakini nilikuwa nimemwona mwanangu akiteremka, ameshika tumbo kwa mikono miwili, uso umekuwa wa majivu, na nyuma yake gari imesimama na matako yake juu.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipofika miezi mitano nilimwambia Harub: "Mwambie mkweo, gari ile haimbebi tena mwanangu."

"Abebwe na nini? Bedford?"

Harub alikuwa na malori Tabora kabla hatujaja Oman. Hapa aliendesha gari ya wizara, lakini springi alizijua kama mimi ninavyoujua unga.

"Gari haina kosa," alisema. "Springi ndizo. Ngumu zile ni za mzigo. Gari tupu ukiipa springi za mzigo, inakurusha kama bisi kwenye kikaango."

"Basi azing'oe."

"Nimwambie kijana aishushe gari yake? Ni sawa na kumwambia anyoe ndevu."

"Anyoe."

Marhun alipokuja, nilikaa upande wa pili wa chumba nikichambua mchele, na Harub akaanza kuzunguka zunguka, mara habari za mvua, mara bei ya matairi. Mwishowe nilikohoa. Ndipo akasema.

Marhun alifuta mikono. Alitazama nje, uwani, gari ilikosimama. Nilimwona anavyoitazama, na nikajua kuwa anaiaga.

"Lini, ami?" alimuuliza Harub. Hilo tu.

Nizwa kulikuwa na mtu anaitwa Mahrous, ana uwanja wa magari yaliyokufa nje ya mji, kando ya wadi, bonde la mto mkavu. Kila gari iliyopinduka mkoa ule wa Dakhiliya iliishia kwake. Harub alipanga waende wanaume wawili.

"Na mimi nakwenda," nikasema.

"Kwa Mahrous? Unakwenda kufanya nini, wewe?"

"Nakwenda kukaa nyuma."

Nilichukua sufuria yangu ya kati. Tulipofika kwa Mahrous nikaijaza maji, nikaingia kiti cha nyuma, nikaipakata juu ya mapaja. Harub akakaa mbele. Marhun akaendesha hadi kwenye mitende na kurudi, kwenye njia mbovu ya mawe, kwanza na springi zake mwenyewe. Niliteremka nimelowa hadi kifuani, na sufuria imebaki nusu.

Mahrous alikuwa mtu wa maneno. "Bwana Harub, mkeo anapika ndani ya gari?"

"Anapima."

"Wallahi, tangu nianze kazi hii sijaona springi zikipimwa kwa sufuria. Mkipata mchuzi mniite."

Marhun hakucheka. Aliingia chini ya gari mwenyewe, na pamoja na Mahrous wakazitoa zile ngumu. Zililala kwenye vumbi, nene, nyeusi, zimerundikana chuma juu ya chuma. Kisha Mahrous akatandaza pea mbili juu ya turubai. Ya kwanza ilitoka kwenye gari ya aina ile ile, vyuma vinne, bado ina upinde wake mzuri. Ya pili ilitoka kwenye gari ya mzee mmoja aliyekuwa akienda nayo msikitini na kurudi, vyuma vitatu vyembamba. Ukiikanyaga kwa mguu inainama, kisha inarudi taratibu, kama mtu mpole anayeitikia salamu.

Wakafunga ya vyuma vinne. Nikaingia na sufuria yangu. Maji yakamwagika kidogo, mapajani tu.

"Mwambie mama," Marhun alisema huku ameshika usukani, kichwa hakukigeuza, "imemwagika?"

Harub akanigeukia. "Imemwagika?"

"Mwambie kidogo."

"Kidogo," Harub akamwambia, kana kwamba mwenzake ni kiziwi.

Tulilala Nizwa kwa jamaa, asubuhi wakafunga ya vyuma vitatu. Safari hii gari iliteremka nyuma hadi nikaona imechuchumaa. Tukaenda hadi kwenye mitende. Maji yalitetemeka, yakazunguka mduara mdogo, yakatulia. Hakuna tone lililotoka. Nilipoteremka nilikuwa mkavu, na moyo wangu kwa mara ya kwanza ukapumzika.

"Chukua zile za vyuma vinne," Harub alimshauri. "Zitakufaa ukiwa tupu na ukiwa na watu."

Marhun alikuwa amechutama mbele ya zile mbili, anazitazama kwa zamu. "Ami, mama anasemaje?"

"Anasema hizi laini hazikumwaga hata tone."

"Basi hizi."

"Hizi ni za mtu na mkewe tu, ee Marhun," Mahrous akasema, na sasa hakuwa na mzaha. "Ukipakia zitalala chini kabisa."

"Nani anapakia? Rahila atakaa mbele, mimi naendesha. Watu wawili. Basi."

Hesabu ilikuwa ya watu wawili, na sote tuliikubali.

Nilisikia baadaye kwa Rahila aliyoyapata Marhun kule Sur. Alipoisimamisha gari sokoni, mwenzake wa kiwandani aliizunguka mara moja, akashika kiuno. "Marhun, vipi? Gari yako inakwenda haja?" Na mwingine: "Muache, keshaoa. Anayeendeshwa sasa ni yeye." Wakaiita hivyo kila alipopita: mwenye gari ya kuchuchumaa. Marhun alifuta mikono, akaingia kazini. Zile ngumu alizipaka mafuta akazifunika gunia, hakuziuza, lakini hakuzirudisha.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyawaza kizingitini, pamoja na mengine. Nilijiambia, maji hayakumwagika. Nilijiambia hivyo kila gari ilipopita.

Kisha lori likasimama. Alikuwa Thani, dereva anayeleta samaki kutoka Sur, mtu tunayefahamiana naye. Aliteremka polepole mno, na nikachukia alivyoteremka.

"Bwana Harub, mkweo si ndiye mwenye ile Mastangi?"

"Ndiye. Umeiona?"

"Gari sikuiona. Nimeona mama mmoja hapo Al Kamil, mtu wa Sur, mzee. Amekaa mbele ya duka juu ya godoro. Ana magunia, ana mabati ya samli, ana tenga la kuku. Hazungumzi na mtu. Wenye duka wanasema kijana wake kamteremsha kutoka kwenye Mastangi, akaenda zake."

"Alikuwa peke yake?" nikauliza. "Hakuwapo mwanamke mwingine, mjamzito?"

"Peke yake, mama."

"Na njiani, kutoka hapo hadi huku?"

"Njia nzima sikuipita gari ile. Wala kando ya barabara. Nilitazama."

Samli. Magunia. Kuku. Nilielewa kabla hajamaliza. Mwanamke anapokwenda kwao kujifungua, watu wa mume humpeleka na chakula cha arubaini: samli, mchele, asali, uwatu, kuku wa supu. Kumpeleka mikono mitupu ni kuutangazia mji kwamba humthamini, na Bi Tamima si mtu wa mikono mitupu. Wala hawezi kumwacha mkaza mwana aondoke bila ya mtu mzima wa kumsindikiza. Desturi hii kila mmoja wetu amezaliwa nayo. Lakini kule Nizwa tulikaa siku mbili tukipima maji, na hakuna aliyeipima samli. Hakuna aliyeuliza mama yake atakaa wapi. Na mama wa mume hakai nyuma. Maana yake Rahila alikuwa nyuma, juu ya ekseli, kati ya magunia, kwenye springi za mtu na mkewe.

Harub hakungoja. Aligonga kwa jirani, akaichukua ile pikapu yenye kikohozi, akaenda. "Nitamchukua Bi Tamima na nitawatafuta njiani," alisema. "Usitoke hapa."

Nikabaki na lango. Kati ya Al Kamil na Ibra kuna madaraja gani? Hakuna. Kuna wadi, na wadi, na mawe. Gari haikuwa Al Kamil, haikuwa barabarani, haikuwa kwetu. Nilijaribu kusoma, nikajikuta nimerudia aya moja mara nyingi bila kufika mwisho wake. Jirani alinitolea kahawa. Nikakishika kikombe hadi kahawa ikapoa.

Sauti ilipokuja sikuiamini. Ilikuwa ile nzito, lakini imechoka, na chini yake kulikuwa na mlio wa chuma kinachosaga chuma. Taa zikatokea upande ambao si wa barabara, upande wa mchangani. Gari ilikuja imeinama ubavu mmoja kama mtu mwenye jipu mguuni. Haikuingia kwetu. Ilikuwa inapita kuelekea hospitali, na mimi nikakimbia nikasimama mbele ya taa zake.

Marhun aliufungua mlango wa upande wa pili kutoka ndani.

"Mama, panda."

Nilipanda. Nilikaa mbele, ubavuni mwa mkwe wangu, jambo ambalo sikupata kulifanya, na sikulifikiria hata kidogo. Rahila alikuwa amelala kiti cha nyuma, magoti juu, shela mdomoni.

"Mwanangu."

"Mama, linakaza," alisema. "Linaachia, linakaza."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu mchana," Marhun akajibu, akinijibu mimi, kwa sauti yake mwenyewe. "Damu hakuna, mama. Namuuliza kila mara. Damu hakuna."

Hospitali walimchukua kwa kitanda cha magurudumu hadi kwenye chumba mwisho wa ukumbi, mlango ukafungwa. Baada ya muda daktari akatoka, mwanamke wa Kihindi, akatueleza kwa Kiarabu chake cha polepole. Amempa dawa ya kuyatuliza maumivu. Yakitulia hadi asubuhi, mimba itakaa. Yasipotulia mtoto atakuja, na atakuwa mdogo sana. Vifaa vya kumtunza mtoto wa namna hiyo viko Maskati, na mtoto wa namna hiyo hastahimili barabara. Hakutuficha. Akarudi ndani, mlango ukafungwa tena.

Kulikuwa na benchi moja. Mimi nilikaa mwisho huu, Marhun mwisho ule. Nguo yake nyeupe ilikuwa nyeusi kwa grisi hadi viwikoni. Nilikuwa na neno kubwa la kumuuliza, na sasa hapakuwa na mtu wa kulipitishia. Alianza yeye.

"Mama, nataka nikwambie mwenyewe, kabla hujaambiwa na watu. Asubuhi nimetoka kwenda kutia petroli. Kurudi, namkuta mama keshapanga. Kakaa mbele, buibui keshavaa. Nyuma magunia, Rahila kati yake. Nikasema, mama, gari hii haichukui. Akaniambia, gari gani hiyo isiyochukua samli? Baba yako alipakia nyumba nzima. Nikanyamaza."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, mama. Nikaendesha pole, pole. Kila shimo inagonga, dum, chuma kwa chuma, hakuna springi tena, kama wamekaa juu ya ekseli. Rahila hasemi kitu. Kabla ya Al Kamil kuna wadi ndogo. Nikaingia kama ninavyoingia msikitini. Chuma kikasema ta! Kimoja kimekatika. Na Rahila akasema, Marhun, tumbo limekaza."

Alifuta mikono kwenye magoti. Grisi ikazidi kuenea.

"Nikasimama dukani. Nikamwambia mama, tuache mizigo hapa, kesho nairudia. Akakataa. Samli ya mjukuu wangu haikai dukani kwa watu nisiowajua, anasema. Ukiishusha, nishushe na mimi."

"Na wewe?"

"Nikamshusha."

Niligeuka nikamtazama usoni. Sikuwahi kumtazama usoni hivyo. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalia lakini hajui atazuia hadi lini.

"Alisema vile kwa hasira, mama. Alidhani sitathubutu. Nikamtandikia godoro, nikamwekea maji, nikamwomba mke wa mwenye duka amwangalie. Hakunitazama. Barabarani nisingeweza, ile mistari ingemuua mtoto. Nikaingia mchangani, nyuma ya vijiji, mchanga ni laini. Mara mbili nimezama. Nimechimba kwa mikono. Ndiyo maana usiku umeniingilia."

Kijana wa Sur kumteremsha mama yake njiani kwa ajili ya mke ni habari itakayokaa vinywani mwa watu kuliko harusi yake. Alilijua hilo alipokuwa anashusha gunia la kwanza. Nilivua kanga yangu ya juu nikampa afute mikono. Akaipokea.

Tukakaa. Nyuma ya ule mlango sauti ya Rahila ilipanda, ikashuka, ikapanda. Kila ilipopanda Marhun alisimama, ilipokatika akakaa. Karibu na alfajiri ikanyamaza kabisa, na ukimya ule ulinitisha kuliko sauti. Nilitega sikio mlangoni. Muuguzi mmoja alitoka mbio na chombo kilichofunikwa, akarudi, na tulipomuuliza akasema, "Subirini." Neno gani hilo.

Jua lilikuwa limeshachomoza Harub alipoingia ukumbini, na nyuma yake Bi Tamima. Buibui lake lilikuwa limegeuka rangi ya barabara. Alitembea wima.

"Assalam alaykum," alisema. "Mzigo umefika."

Marhun akainuka, akaenda kumbusu kichwa. Bi Tamima akakiondoa kichwa.

"Nenda kaibusu gari yako."

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Umeniweka pahala pazuri, penye kuku. Watu wamepita usiku kucha wakinisoma kama tangazo. Hata mbuzi wa Al Kamil wananijua sasa."

"Bi Tamima, kaa," nikamwambia. "Hujapumzika."

Alikaa, lakini kwangu, si kwa mwanawe. Magoti yetu yakagusana.

"Yuko wapi?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Nilimwonyesha mlango.

"Anasemaje daktari?"

Nilimwambia yote, la asubuhi na la Maskati. Alisikiliza bila kupepesa. Akamtazama mwanawe, ile nguo, zile kucha zilizokatika kwa kuchimba mchanga. Marhun alikuwa amekaa sakafuni, kichwa ukutani, na usingizi ulimchukua hapo hapo, mdomo wazi, kama mtu aliyepigwa.

"Ummu Rahila," alisema Bi Tamima, "ningemleta mkaza mwanangu mikono mitupu, ungesemaje?"

"Mwanangu, unataka kusema."

"Mwanao. Ungesemaje?"

Nilifikiri. "Ningesema."

"Haya." Akajifunga buibui. "Ndiyo hayo."

Harub alitaka kuingilia, akaona heri atafute chai.

Tulikaa tena. Bi Tamima alikuwa akihesabu tasbihi na mimi nilikuwa nikihesabu nyufa za ule mlango, na wala hakuna kati yetu aliyefika mwisho wa hesabu. Ndani hapakuwa na sauti. Kisha pakawa na sauti ya viatu. Viatu vilikuja, vikasimama, vikarudi. Nikamshika Bi Tamima mkono, au yeye alinishika mimi. Viatu vikaja tena.

Mlango ukafunguka. Muuguzi aliuzuia kwa mguu, mikono yake yote ina vyombo.

"Maumivu yamekatika tangu alfajiri," alisema. "Mtoto anacheza. Mama yake hatoki kitandani hapa mpaka azae, na hasafirishwi kwenda popote, mnasikia? Popote." Alitutazama mmoja mmoja. "Marhun ni nani? Anamwita."

Marhun hakusikia. Bi Tamima alinyoosha mguu wake wa kushoto, uliojaa vumbi la Al Kamil, akamsukuma begani.

"Inuka," alimwambia. "Unaitwa."

Aliinuka hajui yuko wapi. Muuguzi akasogea, naye akaingia bila viatu, na mlango ukabaki wazi nyuma yake.